Mkono Mmoja Haulei Mwana



Juma hili tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika chuo tulichokuwa tukisomesha hapa pwani, mama mmoja alituletea mwanawe wa kiume wa miaka tisa. Mtoto alikuwa akiburura mguu, lakini akili yake ilikuwa kali, na kwa muda mfupi alihifadhi sura ambazo wenzake walizihangaikia mwaka mzima. Tatizo lilikuwa mkojo. Ulimtoka bila yeye kujua, mkeka ukalowa, na watoto wakaziba pua na kucheka. Tulimwita mama yake, tukamwambia kwa upole tuliodhani ni hekima: mrudishe nyumbani mpaka atakapojua kujizuia. Mama hakubisha. Aliukunja mkeka wa mwanawe, akamshika mkono, wakaondoka. Hatukuwaona tena.

Hatukujua kwamba tulimtaka mtoto yule afanye jambo ambalo mishipa yake ya fahamu haikuwa na uwezo nalo. Tulikuja kulielewa hilo mwaka juzi, mbali na pwani, katika hospitali iliyo ukingoni mwa Bonde la Ufa.

Mpwa wetu anafanya biashara Nakuru na anaishi mtaa wa Bondeni. Mkewe alijifungua binti mwenye uvimbe mwekundu sehemu ya chini ya mgongo, mfano wa kifuko chenye maji. Nyumbani maneno yakawa mengi. Mmoja alitaja jini, mwingine akataja jicho, na wa tatu akathubutu kumwuliza mzazi amemkosea nani. Wauguzi waliomzalisha walikuwa na jibu moja: mtoto ana mgongo wazi, na inafaa apelekwe Kijabe upesi. Tulipopigiwa simu tulipanda gari usiku ule ule.

Mgongo wazi, ambao madaktari huuita spaina bifida, ni kasoro ya maumbile inayoanza mapema mno. Katika siku 28 za mwanzo tangu mimba kutunga, kunafanyika mfereji mdogo ambao ndio asili ya ubongo na uti wa mgongo. Mfereji huo usipofungika mahali fulani, mifupa ya mgongo huachwa wazi na mishipa ya fahamu hutokeza nje. Wakati huo mama mara nyingi hajajua hata kwamba ana mimba. Basi ni dhulma kumwuliza alikosa nini.

Mishipa hiyo ndiyo inayoiamrisha miguu, kibofu na haja kubwa. Ikiathirika, miguu hulegea au hupinda, na mkojo na choo huwa havina mlinzi. Tena wengi wa watoto hawa hupata maji kichwani: kichwa hukua haraka, utosi huvimba, na macho huelekea chini kama jua linalotua. Hapo ndipo inapobainika kwa nini daktari mmoja hatoshi.

Hospitali ya Kijabe ilianzishwa mwaka 1915 na wamishenari, juu ya ukingo wa bonde, na mlima Longonot unaonekana kule chini. Jina lake limetokana na Kimasai, kwa maana ya mahali pa upepo, na aliyefika pale na leso moja ya pwani atakuwa shahidi wetu. Daktari mpasuaji kutoka Marekani, Dick Bransford, ndiye aliyeanzisha pale kazi ya kuwatibu watoto wenye ulemavu ambayo leo hujulikana kwa jina la BethanyKids.

Mama mzaa mke wa mpwa wetu aliingiwa na wasiwasi. Alituuliza kwa faragha, "Sheikh, hospitali ya kanisa, yafaa?" Tulimjibu kwamba Mtume (S.A.W.) alipohama Makka kwenda Madina, aliyeongoza njia alikuwa Abdullah bin Urayqit, naye wakati huo hakuwa Mwislamu. Alichaguliwa kwa sababu alizijua njia na alikuwa mwaminifu. Na elimu hii si ngeni kwetu. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki takriban mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake cha tiba juu ya watoto wenye maji kichwani. Bibi alivuta buibui lake, akasema, "Basi twende."

Kazi ya kwanza ni ya mpasuaji. Inatakikana mgongo ufungwe mapema, ndani ya siku chache za mwanzo, kabla ya vijidudu kuingia. Kabla ya kufika hospitali, kifuko hufunikwa kwa kitambaa safi cha hospitali kilicholowekwa maji ya chumvi yasiyo na vijidudu, na mtoto hulazwa kifudifudi au kiubavu. Kisipakwe mafuta, wala dawa ya majani, wala kombe lisimwagwe juu yake. Dua isomwe, na kidonda kiachiwe wenye kujua.

Baada ya mshono, wengine huingia. Kuna wanaopima kichwa kila mara. Maji yakizidi, mtoto huwekewa mrija mwembamba wa kuyatoa kichwani na kuyapeleka tumboni, au maji hufunguliwa njia ndani ya ubongo kwa kifaa chenye kamera. Njia hii ya pili iliendelezwa na daktari Benjamin Warf huko Mbale, Uganda, hata madaktari wa nchi tajiri wakaja kujifunza kwake. Mtaalamu wa tiba ya viungo huinyoosha miguu na kumfundisha mama kuinyoosha. Miguu iliyopinda hufungwa plasta kwa awamu, na fundi wa viungo hutengeneza viatu na vyuma vya kusimamia. Tena yupo mshauri wa kumsikiliza mama, na baba pia, maana si wachache wanaozikimbia nyumba zao.

Lakini lililotushangaza zaidi ni kuambiwa kwamba kinachowaua wengi wa watoto hawa baadaye ni figo, wala si mgongo. Kibofu kisichojua kujimwaga hujaa, mkojo hurudi juu, na figo huharibika polepole bila maumivu. Dawa yake ni rahisi: mpira mwembamba, uitwao katheta, hupitishwa katika njia ya mkojo kila baada ya saa tatu au nne, mkojo ukatoka wote, kisha mpira hutolewa. Daktari Jack Lapides wa Marekani ndiye aliyeonyesha mwaka 1972 kwamba jambo hili laweza kufanyika nyumbani kwa usafi wa kawaida, mikono ikioshwa vizuri kwa sabuni. Choo nacho huoshwa kwa maji kwa saa maalumu, ili mtoto ashinde mkavu.

Muuguzi alimfundisha mke wa mpwa wetu, akamwangalia akifanya mwenyewe, kisha akamweleza kwamba wao wa hospitali watamwona mtoto mara chache kwa mwaka, ilhali yeye yuko naye kila siku. Kwa hiyo yeye ndiye mkuu wa jopo lote. Bibi yule aliyekuwa na wasiwasi akasema naye afundishwe. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mama anayeamka usiku peke yake, kila usiku, mwaka hadi mwaka, atachoka. Shangazi, khalati na dada mkubwa wajifunze. Na baba ajifunze pia.

Dada zetu, kinga ipo ingawa si kamili. Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulionyesha kwamba vidonge vya asidi ya foliki, vikianzwa kabla ya mimba, viliepusha takriban asilimia 72 ya kasoro hii kwa akina mama waliowahi kuzaa mtoto wa namna hiyo. Kila mwanamke anayeweza kushika mimba anahitaji mikrogramu 400 kwa siku; aliyekwisha kupata mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji miligramu 4, kwa maelekezo ya daktari. Kusubiri kliniki ya wajawazito ni kuchelewa, basi vianzwe tangu siku za harusi. Anayetumia dawa za kifafa azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, wala asiziache mwenyewe. Tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji wa unga wa ngano na wa mahindi wa pakiti kuongeza asidi ya foliki. Anayesaga mahindi yake katika kinu cha mtaani hapati nyongeza hiyo.

Sasa turudi chuoni. Mtoto wa mgongo wazi akifikia umri wa swala, atauliza: je, mimi ninayetokwa na mkojo naweza kuswali? Jibu la mafaqihi wetu wa Kishafi liko wazi. Mwenye kutokwa na mkojo mfululizo hungoja wakati uingie, hujisafisha, huvaa nepi safi, hutawadha na kuswali bila kuchelewa. Hufanya hivyo kwa kila faradhi, na kitakachomtoka hakimbatilishii swala yake. Ikiwa amejifunza mpira na hushinda mkavu, hukumu yake ni kama ya wenzake. Msikitini ataingia maadamu amejifunga vizuri asiuchafue. Kuhusu saumu, mtoto huyu anahitaji maji ya kutosha kwa ajili ya figo. Basi daktari na mwanachuoni waulizwe pamoja, wala asilazimishwe.

Tukumbuke kwamba Abdullah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, naye alikuwa mwadhini wa Mtume (S.A.W.) na aliachiwa Madina asimamie swala. Hakuwekwa nyuma ya pazia.

Binti wa mpwa wetu sasa anatambaa kwa kasi ya kutisha, na anawaamrisha wakubwa wote wa nyumba. Siku moja ataletwa chuoni, huko Bondeni au hapa kwetu. Nasi kwa upande wetu tumetenga chumba kidogo kando ya birika, chenye maji, sabuni, rafu ya kuweka mkoba, na mlango wenye komeo. Tumewaagiza maustadhi kwamba mtoto anayeomba ruhusa kila baada ya saa tatu asiulizwe mbele ya wenzake. Gharama yake haikufika ya karamu moja ya maulidi. Tungelifanya hayo zamani, huenda mama yule asingeukunja mkeka wake. Kama yuko hai na anausoma ukurasa huu, tunamwomba radhi yeye na mwanawe, na mahali pake panamngoja.

Ewe Mola wetu, waponye watoto wetu, wape nguvu mama zao, na utusamehe sisi tulioufunga mlango kwa kutojua. Amin.

Wabillahi tawfiq.