Kungoja Majibu ya Tezi Dume: Hofu Si Upungufu wa Imani



Katika msikiti wetu yupo mzee ambaye kwa miaka mingi tumemzoea katika safu ya kwanza ya Swala ya Alfajiri. Ni fundi seremala, na mimbari anayopanda khatibu kila Ijumaa ni kazi ya mikono yake. Miezi michache iliyopita nafasi yake ilibaki wazi siku tatu mfululizo. Sisi wa kamati tulidhani amekasirishwa na mjadala wa hesabu za ujenzi wa vyoo, kwani kikao kile kilimalizika kwa maneno makali. Tukakubaliana kumwacha mpaka hasira zitulie. Siku ya sita mkewe alimtuma mjukuu amwite katibu.

Tulimkuta amekaa barazani, simu ameishika mkononi kama mtu anayeogopa kuidondosha. Tulipomwamkia na kumuuliza hali, alisema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nimekatwa kinyama cha tezi dume. Majibu wameniambia wiki mbili. Tangu siku ile silali."

Tukamjibu kama wengi wetu tunavyojibu: "Mzee, usiogope. Mtegemee Mwenyezi Mungu." Akainamisha kichwa, wala hakuongeza neno. Baadaye mkewe alitueleza kuwa maneno yale yalimchoma kuliko sindano za hospitali, kwa sababu aliyapokea kama hukumu: kwamba katibu wa msikiti ameiona imani yake kuwa dhaifu. Kwa idhini ya mzee huyo tunaandika makala haya, ili kosa letu liwe funzo kwa familia nyingine.

Mama yake Musa alingojaje?

Tumtazame mama yake Nabii Musa (A.S.), ambaye habari zake zimo katika Surat al-Qasas. Mama huyu aliahidiwa na Mola wake kuwa mtoto atarudishwa kwake. Pamoja na ahadi hiyo, alipomtia mtoni moyo wake ulikuwa mtupu, akakaribia kuidhihirisha siri yake, lau Mwenyezi Mungu asingeuimarisha moyo huo. Kisha hakukaa akilia tu. Alimtuma binti yake afuate nyayo za mtoto na kuangalia kwa mbali.

Ikiwa aliyepewa ahadi alitetemeka, vipi tumlaumu mzee wetu ambaye hajui bahasha ya maabara imebeba nini? Nabii Yaakub (A.S.) alilia hata macho yake yakaingia weupe, na Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi kwa kufiwa na mwanawe Ibrahim. Hofu na huzuni ni maumbile ya mwanadamu. Kinachokatazwa ni kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu, na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Kwa nini majibu huchelewa?

Sehemu kubwa ya hofu ya mzee ilitokana na kutojua. Kila siku iliyopita bila simu kulia, aliihesabu kuwa dalili ya shari. Ni vema tufahamu hatua zenyewe.

Tezi dume ipo chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo. Kipimo cha damu kiitwacho PSA hupima protini inayotengenezwa na tezi hiyo. Madaktari wengi hukianza kukitilia mashaka kiwango kinapozidi nanogramu 4 kwa mililita moja ya damu, ingawa umri wa mtu nao huzingatiwa. Lakini kupanda kwa PSA peke yake si saratani. Tezi iliyotanuka kwa uzee hukipandisha kiwango hicho, na maambukizi ya njia ya mkojo hukipandisha vilevile. Ndiyo maana daktari huhitaji kinyama.

Kwa kawaida vipande vyembamba 10 hadi 12 huchukuliwa kwa sindano kutoka sehemu mbalimbali za tezi. Huhifadhiwa katika dawa ya formalini, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa nyembamba sana, hutiwa rangi, kisha mtaalamu huvikagua kimoja kimoja kwa hadubini. Wakati mwingine huhitaji rangi za ziada au jicho la mwenzake. Kuchelewa kwa majibu, basi, si habari njema wala mbaya. Ni kazi inayoendelea.

Hata saratani ikionekana, si zote zenye ukali mmoja. Hupewa alama za Gleason, ambazo kwa kawaida huanzia 6, ukali wa chini, hadi 10. Zipo zinazokua polepole kiasi kwamba daktari humshauri mgonjwa afuatiliwe kwa vipimo bila ya upasuaji. Zipo pia zinazohitaji upasuaji, mionzi au dawa bila ya kuchelewa. Neno saratani si hukumu ya kifo, na ugonjwa ukigunduliwa mapema nafasi ya tiba huwa kubwa zaidi.

Sababu ya kweli ya kukosa msikiti

Tuliporudi mara ya pili, tulinyamaza na kumsikiliza. Hapo ndipo alipotufungulia jambo lililotuaibisha. Hakuwa amekasirika wala hakukumbuka hesabu za vyoo. Tangu kuchukuliwa kinyama alikuwa akiona damu katika mkojo, na mara nyingine tone likimtoka baada ya kutawadha. Akajiona najisi, akauacha msikiti, na swala za siku mbili alikuwa hakuziswali kabisa. Katika siku alizomhitaji Mola wake kuliko siku zote, alidhani mlango umefungwa.

Damu kidogo katika mkojo, choo au manii baada ya kipimo hiki ni jambo linalotarajiwa, na huisha baada ya siku au wiki kadhaa. Homa, kutetemeka, damu nyingi yenye mabonge au kushindwa kukojoa ni dalili za kurudi hospitali mara moja, hata iwe usiku.

Kuhusu ibada, damu inayotoka pamoja na mkojo hustanjiwa kama mkojo, kisha mtu hutawadha na kuswali. Ikiwa matone hayakatiki, basi ni mwenye udhuru. Katika madhehebu ya Shafii hungoja wakati wa swala uingie, hujisafisha, huweka kitambaa au pamba ya kuzuia, hutawadha na kuswali bila ya kuchelewa, na hufanya hivyo kwa kila faradhi. Kinachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Msikiti pia haukatazwi kwake maadamu hauchafui. Manii yaliyochanganyika na damu bado yanawajibisha josho. Na kukaguliwa utupu na tabibu kwa haja ya tiba kunaruhusiwa kwa kadiri ya haja. Mwenye swali zaidi amwendee sheikh wake bila ya haya.

Nini cha kufanya katika siku za kungoja

Kwanza, mgonjwa asingoje peke yake. Mzee wetu aliwaficha wanawe ili asiwatie simanzi, na wanawe wakadhani baba amewachukia. Alipowaambia, mmoja alichukua jukumu la kuifuatilia hospitali, na simu ikatoka mkononi mwa mzee.

Pili, aendelee na kazi nyepesi ambayo daktari hakuikataza. Mikono iliyolala huupa wasiwasi nafasi.

Tatu, usiku usingizi ukikatika, atawadhe na aswali rakaa mbili, kisha aseme na Mola wake kwa lugha yake mwenyewe. Wapo wanaoswali istikhara ili waoneshwe majibu ndotoni. Istikhara ni kuomba kheri katika jambo la kuchagua, si njia ya kujua ghaibu. Na anayekwenda kwa mganga kupiga ramli huongeza msiba juu ya msiba.

Nne, aandike madeni na wasia wake. Hilo si mkosi bali ni mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwa mzima na mgonjwa, na mzee alituambia kuwa usiku alioandika alilala mpaka adhana.

Tano, hofu ikimzuia kula na kulala kwa siku nyingi, amweleze daktari. Hofu nayo ina tiba.

Nasi tunaomtembelea tupunguze mawaidha. Tuulize, "Umekula? Nani atakusindikiza?" Kisha tukae.

Majibu yalitoka siku ya 16. Mzee alikwenda na mwanawe mkubwa, wakiwa na maswali waliyoyaandika kwenye daftari. Yaliyomo katika majibu hayo ni amana yake, na ametuomba tuyaache kwake. Alichoturuhusu kusema ni kwamba Alfajiri iliyofuata alikuwa safu ya kwanza.

Kamati yetu nayo imepanga darsa la hukumu za wenye udhuru, kila Alhamisi baina ya Magharibi na Isha. Lilipaswa kuwapo kabla mzee wetu hajaugua. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe dhana yetu mbaya, na awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.

Wallahu a'alam.