Pale pasipouma

Muuguzi hakuanza na daftari la sukari. Alimwambia mtoto apandishe shati, akasugua viganja vyake vipate joto, kisha akapitisha vidole viwili tumboni, polepole, kuume na kushoto kwa kitovu. Upande wa kushoto vidole vikasita. Akamwita mama wa mtoto, akamshika mkono, akauweka palepale.

Kilikuwa kinundu, laini kama donge la chapati. Jicho halikioni, kidole ndicho kinachokikuta. Insulini ikichomwa mahali pamoja siku nenda siku rudi, hasa kwa sindano iliyokwisha tumika mara kadhaa, mafuta ya chini ya ngozi huvimba. Dawa ikiingia humo hunyonywa ovyo, leo kidogo, kesho nyingi. Kipimo cha sukari kinasoma 19 asubuhi, juu mno, na jioni 3, chini mno. Nyumbani watu wanamshuku mtoto kwamba kala pipi kwa siri. Wala hajala.

Kwa nini achome hapo hapo? Sista, kama wanavyomwita kliniki hii ya Dar es Salaam, anasema watoto wenyewe humjibu bila kusita: hapo hapaumi. Kinundu kimekufa ganzi. Sindano nne kwa siku ni 1,460 kwa mwaka; nani asingetafuta pa kupumzikia?

Mimi nilikuwa nimekwenda kuuliza habari za pampu, kile kidude cha kiunoni kinachodondosha insulini usiku na mchana kupitia mrija mwembamba. Sindano zinapungua kweli: mrija hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Sista haipingi, ila hapendi inavyosimuliwa kama muujiza. Anasema hata mrija ukirudishwa palepale, kinundu kitaota. Tena pampu hutumia insulini ya haraka tupu. Mrija ukijikunja usiku, mwilini hamna akiba, na baada ya saa chache tu sumu ya ketoni huanza kupanda. Mwenye pampu lazima apime mara nyingi, na Sista ndiye anayegawa vijiti vya kupimia. Anajua vinavyoisha upesi.

Uingereza na Wales walishalinganisha pampu na sindano kwa watoto 293 waliogundulika karibuni kuwa na kisukari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba, baada ya mwaka mmoja, sukari ya wenye pampu haikuwa nzuri kuliko ya wenye sindano. Pampu za siku hizi, zinazosoma sukari na kujirekebisha zenyewe, ni habari nyingine, na tangu Aprili 2024 huduma ya afya ya umma ya huko, NHS, imeanza kuzitoa kwa wingi. Kwetu bado tunahesabu vijiti.

Sista alichora duara kwa kalamu kukizunguka kinundu: humu ni marufuku kwa miezi kadhaa. Kisha akapunguza dozi. Mama alishtuka, sukari iko juu halafu dawa ipungue? Akaelezwa kwamba ngozi nzima hunyonya yote, na dozi ile ya zamani ingemwangusha mtoto kwa sukari kushuka.

Tangu siku hiyo najiuliza: ni watoto wangapi wanaoongezewa dozi kila wanaporudi kliniki, na hakuna aliyewahi kuwapapasa tumbo?