Daraja Lililopata Kibali Lisijengwe

Daraja la waenda kwa miguu ni ujenzi mdogo likilinganishwa na daraja la magari au la reli, lakini kibali chake hakipatikani kwa wepesi kwa sababu hiyo, kwani mto unaovukwa una wenyewe wengi: wenye vyombo vinavyopita chini yake, wakazi wa kingo zote mbili, wamiliki wa ardhi ambako ngazi na njia za kupandia zitasimama, na umma mzima unaoutazama na kuutembelea kila siku. Kibali cha mipango, yaani ruhusa ambayo mamlaka ya eneo humpa mtu au taasisi kabla ya kusimamisha jengo jipya au kubadili matumizi ya ardhi, ndicho kinachozikutanisha haki hizo zote mbele ya meza moja. Nchini Uingereza utaratibu huu ulipata sura yake ya sasa kwa sheria ya mwaka 1947, iliyoifanya haki ya kuendeleza ardhi kuwa jambo la kuombwa, ambalo mwenye ardhi hawezi tena kujiamulia peke yake. Kati ya miradi yote iliyopita mkononi mwa utaratibu huo katika miaka ya karibuni, hakuna uliodhihirisha nguvu zake na mipaka yake kama Garden Bridge, daraja lililokusudiwa kuvuka Mto Thames katikati ya London, likapata kila kibali cha mipango kilichotakiwa, kisha likafa likiwa bado kwenye michoro.

Wazo lake lilitolewa mwaka 1998 na mwigizaji Joanna Lumley, na miaka kadhaa baadaye likachukuliwa na mbunifu Thomas Heatherwick pamoja na wahandisi wa kampuni ya Arup. Daraja lingekuwa na urefu wa mita 366, likisimama juu ya nguzo mbili pana zinazochomoza kutoka majini, na juu yake kungepandwa miti 270 pamoja na vichaka na maua, ili mtu atokaye kituo cha treni cha Temple upande wa kaskazini afike South Bank upande wa kusini akiwa amepita bustanini. Shirika la hisani liliundwa ili kukusanya michango, na serikali ikaahidi pauni milioni 60, nusu kutoka hazina ya taifa na nusu kutoka Transport for London, shirika la umma linalosimamia usafiri wa jiji hilo.

Ugumu wa kwanza wa kila daraja la mtoni ni kwamba mito hutumiwa kama mipaka. Katikati ya Thames ndipo mamlaka ya halmashauri ya Westminster inapokoma na ya Lambeth inapoanza, kwa hiyo daraja moja lililazimika kuombewa kibali mara mbili, mbele ya kamati mbili za madiwani zenye wapigakura tofauti na shida tofauti, na kama moja ingekataa, nyingine isingeweza kuidhinisha zaidi ya nusu ya daraja. Hili si jambo la nadharia tu. Maili chache juu ya mto huohuo, daraja la watu na baiskeli kati ya Nine Elms na Pimlico liliungwa mkono na halmashauri ya Wandsworth iliyo ng'ambo moja na kupingwa na Westminster iliyo ng'ambo ya pili, ambako wakazi waliona kwamba njia za kupandia zingekula bustani yao ndogo ya ukingoni. Faida ya daraja huenea mbali, hadi kwa watu wasiojua hata jina la mtaa linapoangukia, ilhali kero yake huwakaa walio jirani na ngazi zake. Kamati ya mipango inatakiwa kupima yote mawili, ingawa wanaofika ukumbini kusema huwa ni majirani.

Kinachopimwa na kamati kimewekewa mpaka na sheria. Maofisa wa mipango huandaa taarifa ndefu inayoeleza ombi, maoni ya umma na ya taasisi zinazopaswa kuulizwa, na sera za eneo zinazohusika, kisha hupendekeza ombi likubaliwe au likataliwe, na madiwani hupiga kura. Hoja wanazoruhusiwa kuzitumia ni zile zinazogusa matumizi ya ardhi: mandhari, kivuli, msongamano, mafuriko, majengo ya kihistoria, miti, viumbe hai, usalama wa wapita njia. Katika shauri la Garden Bridge hoja nzito ilikuwa mandhari, kwa kuwa London hulinda kisera baadhi ya maeneo ambayo kutoka hapo watu huliona kuba la Kanisa Kuu la St Paul's, na miti ya darajani ingeziba sehemu ya mandhari hayo kwa mtu aliyesimama South Bank au kwenye Daraja la Waterloo. Hoja nyingine ilikuwa miti takriban thelathini iliyokwisha kukomaa kwenye njia ya ukingoni, ambayo ingekatwa ili kupisha kituo cha kupandia, jambo lililowauma wakazi wengi walioona kwamba bustani ya hewani ingejengwa kwa kuipunguza bustani ya ardhini iliyo wazi kwa wote saa zote.

Mambo mengine, hata yawe mazito namna gani, hayamo katika mizani hiyo. Kamati haiulizi kama mbunifu alichaguliwa kwa ushindani wa haki, ingawa baadaye ilibainika kwamba uteuzi wa Heatherwick mwaka 2013, miongoni mwa ofisi tatu zilizoalikwa, ulikuwa na kasoro kubwa. Haiulizi kama fedha zipo zote, wala kama fedha hizohizo zingefaa zaidi mahali pengine. Hata uimara wa daraja chini ya nyayo za watu hauko mbele yake, bali huachiwa wahandisi na wakaguzi wao. London yenyewe ilishuhudia tofauti hiyo mwezi Juni 2000, wakati Millennium Bridge, daraja lingine la waenda kwa miguu lenye vibali vyote, lilipofunguliwa na kufungwa siku mbili baadaye kwa sababu lilikuwa likiyumba kwa ubavu, watu wakirekebisha hatua zao kwa kufuata myumbo na kwa hivyo kuuzidisha. Lilirudishwa kwa umma mwezi Februari 2002, baada ya kufungiwa vifaa vya kumeza mtikisiko. Msomaji anayesikia kwamba daraja limepata kibali cha mipango anapaswa basi kuelewa kwamba limekubaliwa kuwapo mahali fulani kwa umbo fulani, na maswali mengine yote bado yana milango yake.

Lambeth ilikubali mwezi Novemba 2014 na Westminster ikafuata mwezi Desemba. Baada ya hapo maombi yalipelekwa kwa Meya wa London, ambaye kwa miradi mikubwa ana mamlaka ya kuielekeza halmashauri ikatae au ya kulichukua ombi aliamue mwenyewe, na Meya wa wakati huo, Boris Johnson, aliyaachia maombi yapite. Hapa pana udhaifu unaostahili kusemwa wazi: meya huyo alikuwa pia mtetezi mkuu wa mradi na mwenyekiti wa shirika la usafiri lililokuwa likiufadhili, kwa hiyo hatua ambayo sheria iliiweka iwe jicho la pili ilibaki jicho lilelile la kwanza.

Hata hivyo, vibali hivyo havikutolewa vitupu. Kibali cha mipango huambatana karibu kila mara na masharti, na Lambeth peke yake iliweka masharti zaidi ya arobaini. Baadhi hutakiwa kutimizwa kabla ya kazi kuanza, kama vile kuwasilisha mpango wa kulinda mabaki ya kale yaliyofukiwa kwenye tope la mto. Mengine hufuata jengo maisha yake yote, kama vile namna ya kuongoza umati na saa za kufunga. Pamoja na masharti mara nyingi huwa kuna mkataba kati ya mwombaji na halmashauri, unaomfunga kutenda au kulipia mambo ambayo sharti la kawaida halitoshi kuyashika. Ni katika karatasi hizi, ambazo magazeti huziruka kwa sababu zinachosha kusoma, ndimo umma ulimojifunza daraja lenyewe lilikuwa la namna gani: lingefungwa usiku kuanzia saa sita hadi saa kumi na mbili alfajiri, lingefungwa siku kumi na mbili kila mwaka kwa ajili ya hafla za kuchangisha fedha, na waendesha baiskeli wangelazimika kushuka na kuzisukuma. Mchoro mzuri ulikuwa umeahidi njia ya umma. Masharti yalionyesha bustani yenye milango, inayopitika kwa ratiba ya mwenye nayo.

Sharti lililokuwa zito kuliko yote lilihusu matunzo. Daraja la chuma na zege linahitaji kupakwa rangi na kukaguliwa, lakini daraja lenye miti 270 linahitaji pia maji, mbolea, wakata matawi na walinzi, na gharama hiyo ilikadiriwa kufikia takriban pauni milioni tatu kwa mwaka, bila mwisho. Shirika la hisani lilisema lingezipata kwa michango na hafla. Halmashauri zilijibu, kwa busara, kwamba ujenzi usianze mpaka apatikane mdhamini wa kudumu atakayebeba mzigo huo iwapo shirika litashindwa, na mdhamini pekee aliyefikirika alikuwa Meya, yaani walipa kodi wa London. Mkazi mmoja wa kusini mwa mto alifungua shauri la mapitio ya mahakama, ambayo ni njia ya kumwomba jaji achunguze kama mamlaka ya umma imefuata sheria katika kufikia uamuzi wake, bila jaji kuamua kama uamuzi wenyewe ni mzuri au mbaya, na suala la dhamana lilikuwa miongoni mwa hoja zake. Shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2015 kabla ya kusikilizwa, lakini dhamana ya matunzo ilikuwa imekwisha kuwa kitovu cha mjadala.

Nje ya mipango kulikuwa na vibali vingine. Mamlaka ya Bandari ya London, inayosimamia sehemu ya Thames yenye maji ya kupwa na kujaa, hutoa leseni kwa yeyote anayetaka kusimika kitu mtoni, ikiangalia upana wa njia ya vyombo na kimo cha nafasi chini ya daraja maji yanapojaa. Kulikuwa pia na ardhi. Kituo cha kusini kingejengwa kwenye ardhi ya halmashauri ya Lambeth iliyokodishwa kwa muda mrefu kwa jumuiya ya makazi ya hapo, na kibali cha mipango hakimpi mtu ardhi: mtu anaweza kupewa kibali cha kujenga kwenye kiwanja kisicho chake na asiweze kamwe kukigusa. Mwezi Novemba 2015, baada ya Lambeth kusitisha mazungumzo ya ardhi kwa kupinga ukubwa wa fedha za umma, pauni milioni 20 katika zile 30 za Transport for London ziligeuzwa kuwa mkopo.

Kosa lililougharimu umma lilifanyika mwanzoni mwa 2016, pale shirika la hisani lilipofunga mkataba wa ujenzi ilhali ardhi ya kusini haijapatikana, dhamana haijatiwa saini na masharti kadhaa ya kabla ya ujenzi hayajatimizwa. Mwezi Mei mwaka huohuo Sadiq Khan alichaguliwa kuwa Meya, akamwomba mbunge Margaret Hodge auchunguze mradi, na taarifa ya Hodge ya Aprili 2017 ikashauri usiendelee. Mwishoni mwa mwezi huo Meya alitangaza kwamba hatatoa dhamana. Bila dhamana sharti la matunzo lisingeweza kutimizwa, na kibali kina muda wake: kazi isipoanza ndani ya miaka mitatu, hufa chenyewe. Agosti 2017 shirika la hisani lilitangaza kufunga shughuli zake, na vibali vyote viwili vikaisha kabla ya mwaka kwisha. Pauni milioni 53.5 zilikuwa zimetumika, milioni 43 kati ya hizo zikiwa za umma, na zaidi ya milioni 20 ziliishia kwenye mkataba wa ujenzi wa daraja ambalo halikupata hata nguzo moja.

Wapo waliolaumu utaratibu wa vibali kwa kuua kitu kizuri, na lawama hiyo haina haki. Masharti yaliuliza mapema swali lililokuwa gumu kuliko yote, nani atalitunza daraja hili baada ya ufunguzi, na hasara ilitokana na watu kuyachukulia kama karatasi zitakazojikamilisha baadaye. Lawama inayostahili ni nyingine: utaratibu wa mipango husubiri kuletewa ombi, na hauna uwezo wa kusema kwamba daraja linahitajika kwingine. Garden Bridge lingesimama kati ya Waterloo na Blackfriars, madaraja mawili ambayo mtu huweza kutembea kutoka moja hadi jingine kwa dakika chache, ilhali mashariki ya Tower Bridge mto unapita kati ya mitaa yenye watu wengi bila daraja hata moja la waenda kwa miguu ndani ya jiji, na wavukao kwa miguu hutegemea zaidi mahandaki ya Greenwich na Woolwich yaliyofunguliwa mwaka 1902 na 1912. Daraja la watu na baiskeli kati ya Rotherhithe na Canary Wharf lilipendekezwa kwa ajili ya pengo hilo, na Transport for London ikaliweka kando mwaka 2019 baada ya makadirio ya gharama kupanda mno, kabla hata ombi la kibali halijafika mezani kwa madiwani. Wakazi wa huko bado huvuka kwa feri ndogo ya kulipia, au kwa treni.