Tadbiri ya Uzazi wa Nyumbani
Sehemu ya Pili: Nyumba, Mkunga na Njia ya Kutokea

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi mama zetu na nyanya zetu wa pwani walivyokuwa wakizaa majumbani, mikononi mwa wakunga waliojulikana kwa sifa zao mtaani, na jinsi mwanamke wa mimba ya kwanza alivyokuwa akirejeshwa kwao akazalie mbele ya mama yake. Leo tumekusudia kuitazama kazi hiyo kwa upande wa matayarisho yake. Na kwa kuwa mfano hufahamisha kuliko maelezo matupu, tutakwenda kwanza Uholanzi, ambako uzazi wa nyumbani haukutoweka hospitali zilipokuja, bali uliwekewa kanuni na kupewa mahali pake katika sheria na bima. Kisha turejee kwetu tuone lipi la kuchukua na lipi la kuacha.

Waholanzi wameuheshimu ukunga tangu zamani. Katika jimbo la Friesland aliishi Catharina Schrader, mjane wa tabibu, aliyeanza kuzalisha mwaka 1693 akiwa na watoto wa kuwalea peke yake, naye akaandika katika daftari lake habari za kila mzazi aliyemhudumia hata mwaka 1745, zikatimia zaidi ya 3,000. Hakuandika fahari tu. Ameandika pia waliomfia mikononi, na sababu alizodhani ziliwafisha, na kwa hiyo daftari lake husomwa hata leo na wenye elimu ya uzazi. Desturi hiyo iliendelea kwa nguvu hata miaka ya 1960, wakati zaidi ya nusu ya watoto wa nchi ile walikuwa wakizaliwa nyumbani. Siku hizi hawafiki mmoja katika watano, lakini hao wachache huzaliwa kwa utaratibu ambao ni vigumu kuupata kwingineko, na utaratibu huo ndio tunaoutaka.

Jambo la kwanza katika utaratibu wao ni kuchagua nani afaa kuzalia nyumbani, wala uchaguzi huo hauachiwi matamanio ya mtu. Mkunga wa Kiholanzi, ambaye amesoma miaka minne na kupewa idhini ya serikali, huanza kumwona mja mzito tangu miezi ya mwanzo, na katika kila ziara humpima shinikizo la damu, huangalia ukuaji wa mtoto na mlalo wake tumboni, na hulinganisha aliyoyaona na orodha ya masharti ambayo wakunga na madaktari wa nchi ile wameafikiana juu yake. Mwenye pacha hutolewa katika hesabu ya nyumbani. Hali kadhalika aliyepata kupasuliwa katika uzazi uliopita, ambaye damu yake imepanda, ambaye mtoto wake ametanguliza matako, na ambaye utungu umemshika kabla ya wiki ya 37 au umekawia kupita wiki ya 42. Na yule aliyekubaliwa hakukubaliwa moja kwa moja, kwani sharti likivunjika mwezi wa tisa, au hata katikati ya utungu, mkunga humkabidhi kwa daktari bila ya kuona haya. Hapa ndipo ulipo msingi wa jambo zima: mkunga hodari miongoni mwao ni yule ajuaye kukataa mapema.

Baada ya mtu huja nyumba. Miezi kadhaa kabla ya siku zenyewe, mhudumu wa uzazi, ambaye Waholanzi humwita kraamverzorgende, huzungumza na wenye nyumba na kuwaeleza yatakayohitajika. Kitanda huinuliwa kwa vipande vya mbao au chuma vinavyowekwa chini ya miguu yake, hata kimo chake kikafika sentimita 80 hivi kutoka sakafuni, ili mkunga na mhudumu wasipinde migongo yao siku nzima na waweze kuona sawasawa wanachokifanya. Juu ya godoro hutandikwa mpira wa kujifungulia, ule ambao wauguzi wetu huuita makintoshi. Huwekwa tayari taa ya mwanga mkali, ndoo, beseni, kipimajoto, na chupa mbili za chuma za kutia maji moto, nazo huwekwa ndani ya kitanda cha mtoto kukipasha joto kabla hajalazwa, kwa maana kichanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima anavyodhani. Vitu vidogo vidogo, kama pamba, shashi, kibanio cha kitovu na dawa ya kusafishia, aghalabu hufika ndani ya sanduku moja linaloletwa na kampuni ya bima. Fauka ya hayo, nyumba yenyewe hukaguliwa: ngazi ina upana gani, na mtu aliyelala juu ya machela aweza kuteremshwa kwayo au hawezi?

Mtoto akisha kuzaliwa, mhudumu yule huja kila siku kwa muda wa siku nane hivi, akamwangalia mama na mwanawe, akawafundisha kunyonyesha, akafua na kupika. Wageni wajao kutoa pongezi hukirimiwa biskuti kavu zilizopakwa siagi na kunyunyizwa punje za anisi, jamaa ya shamari, zilizovikwa sukari: nyeupe na waridi kwa mtoto wa kike, nyeupe na buluu kwa mtoto wa kiume. Msomaji wa pwani hatashindwa kuona kwamba huyo mhudumu anafanya kazi ambayo kwetu hufanywa na mama, shangazi na somo katika siku arobaini. Tofauti ni kwamba yeye amefundishwa kuitambua homa ya uzazi, na manjano ya mtoto ikizidi, na ajua ni nani wa kuitwa.

Wala asidhani mtu kwamba kuzaa nyumbani maana yake ni kuzaa bila dawa. Katika mkoba wa mkunga imo sindano ya oksitosini, dawa inayoukaza mji wa mimba baada ya mtoto kutoka ili damu isimiminike. Vimo vifaa vya kutia maji mshipani, nyuzi za kushonea, na kifuko cha kumpulizia hewa mtoto asiyevuta pumzi. Na mama akipoteza damu zaidi ya nusu lita, jambo hilo huhesabiwa kuwa ni hatari, hata kama yeye mwenyewe asema hajambo.

Tumefika sasa penye nguzo ya utaratibu wote, nayo ni njia ya kutokea. Huduma ya magari ya wagonjwa ya Uholanzi imepangwa kwa kipimo hiki, kwamba tangu simu ipigwe hata mgonjwa afikishwe hospitali zisipite dakika 45. Katika nchi yenye barabara kama hizo, uchunguzi wa wanawake 529,688 wenye mimba zisizo na hatari, uliochapishwa mwaka 2009, haukuona tofauti ya vifo vya watoto baina ya waliokusudia kuzalia nyumbani na waliokusudia hospitali chini ya mkunga. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2011, uliowahusu wanawake 64,538, ulifunua jambo jingine linalopasa kusemwa waziwazi. Katika wale waliokusudia kuzaa nyumbani kwa mara ya kwanza, 45 katika kila 100 walihamishiwa hospitali, ama wakati wa utungu ama mara baada ya kuzaa. Waliokwisha kuzaa kabla walikuwa 12 tu. Na misiba mizito ya watoto katika uzazi wa kwanza ilikuwa 9.3 katika kila 1,000 kwa waliokusudia nyumbani, na 5.3 kwa waliokusudia hospitali yenye madaktari. Katika uzazi wa pili na kuendelea tofauti hiyo haikuonekana. Basi mwenye mimba ya kwanza akisema, "Nitazalia nyumbani," ajue kwamba karibu nusu ya walionena hivyo Uingereza walilazimika kuhama, na kwamba lau gari lisingalikuwapo hatuna haja ya kuuliza wangalipatwa na nini.

Sasa turejee kwetu. Serikali za Tanzania na Kenya huwahimiza waja wazito wote wakazalie penye wauguzi, na kwa hayo tuliyokwisha kuyaona himizo hilo ni la haki, kwa sababu mkunga mwenye mkoba na gari lenye saa yake ndivyo tulivyopungukiwa. Walakini wako ambao utungu huwakuta mbali. Mtu aliyeko Siyu au Pate, katika visiwa vya Amu (Lamu) huko Kenya, akitaka kufika hospitali kuu iliyoko Amu, hana budi kungojea maji, kwa kuwa mkondo wa Mkanda, ulio kati ya Manda na bara, haupitiki vyema maji yakipwa. Mja mzito wa huko ana sababu ya kuhesabu mwezi mara mbili: mara moja kwa ajili ya mimba yake, na mara ya pili kwa ajili ya bamvua. Kwake yeye, tadbiri iliyo bora ni kuhamia kwa jamaa walio karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla ya wakati, na hiyo si ajabu kwa watu ambao tangu zamani wamekuwa wakiwarejesha binti zao kwao wakazae.

Asiyeweza hilo, na aandae haya: chanjo ya pepopunda iliyokamilika, kadi ya kliniki mahali ijulikanapo na kila mtu, sabuni na maji safi, glovu na wembe mpya katika karatasi yake, na uzi safi wa kufungia kitovu, kanga zilizofuliwa, zikaanikwa juani na kupigwa pasi, na kitovu kisitiwe jivu wala samadi wala mafuta ya kupikia. Naye mzalishaji na awe muuguzi aliyesomea kila apatikanapo. Bibi mkunga wa mtaani akae naye, amshike mzazi mkono na kumsemesha, maana kazi hiyo ameisomea kwa umri.

Lakini liko andao moja lisilonunuliwa dukani, nalo ndilo tunalolisahau. Mwaka 1994, Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawanya sababu za vifo vya wazazi katika ukawiaji wa namna tatu: kukawia kuamua, kukawia kufika, na kukawia kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa kwanza hukaa barazani mwetu. Damu inatoka chumbani, na nje wazee wanasema, "Ngojeni kwanza mumewe aje," na mumewe yuko baharini anavua. Kwa hiyo idhini na itolewe mwezi wa saba, mchana, watu wakiwa na akili zao: mume aseme mbele ya mama mkwe na mbele ya mkunga kwamba mkunga akitamka "twendeni" hapana wa kuulizwa, fedha za safari ziwe mkononi mwa mwanamke aliye nyumbani, mwenye mashua au gari ajulikane kwa jina, na wa pili wa kumrithi ajulikane pia, na wawili wenye damu ya kumfaa wawe wamekwisha kupimwa. Nahodha huagana na wenziwe juu ya bandari ya kukimbilia kabla hajatweka tanga, wala hakuna amwitaye mwoga. Nyumba ambayo haijaafikiana juu ya mambo haya manne, hata ikiwa na shuka nyeupe na taa kali, bado haijawa tayari kwa uzazi.

Katika makala ijayo, inshallah, tutaeleza saa mbili za mwanzo baada ya mtoto kuzaliwa, na namna ya kuipima damu ya mzazi kwa macho na kwa mkono.