Ufafanuzi Kuhusu Upangaji wa Viwanja vya Mapumziko na Michezo Mjini

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2012, Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 893,169 katika mkoa huo huo. Ndani ya miaka kumi wameongezeka watu wapatao laki tatu, na ardhi haikuongezeka hata pima moja. Kila aliyeongezeka amehitaji pahala pa kulala, maji, njia ya kupitia na skuli ya kumsomeshea mtoto wake. Penye ushindani wa namna hiyo, kitu cha mwanzo kupotea ni uwanja, kwa sababu uwanja mtupu humdhihirikia mpita njia kuwa ni ardhi isiyo na kazi. Ufafanuzi huu unakusudia kuwaeleza wananchi namna viwanja vya mapumziko vinavyopangwa, kwa nini ni sharti vipangwe kabla ya nyumba kujengwa, na ni wakati gani maoni ya mwananchi huwa na nguvu.

Inafaa ieleweke mwanzo kwamba uwanja wa mapumziko si kiwanja cha mpira peke yake. Mji wetu unavyo vya aina mbalimbali. Vipo viwanja vya mashindano, kama vile Amaan na Mao Zedong kwa upande wa Unguja na Gombani kwa upande wa Pemba. Ipo Mnazi Mmoja, ambayo ni uwanda wa michezo mingi. Zipo bustani za Forodhani na Jamhuri, na viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo na Tibirinzi. Fauka ya hayo, zipo baraza za mitaani ambapo wazee hucheza bao, karata na dhumna na kuzungumza habari za dunia. Baraza haina ramani wala bajeti, lakini inafanya kazi ile ile, na mpangaji wa mji asiyeihesabu atakuwa ameacha nje ya hesabu yake mapumziko ya watu wengi kuliko wale wanaoingia kiwanjani.

Jambo la pili ni masafa. Umoja wa Mataifa, katika kupima lengo la 11.7 la Malengo ya Maendeleo Endelevu, ambalo linataka ifikapo mwaka 2030 kila mtu awe na eneo la wazi lililo salama, hutumia kipimo cha mita 400 za kutembea kwa miguu kutoka nyumbani. Kwetu sisi kipimo hicho kina sababu ya ziada. Mtoto wa hapa asubuhi yuko skuli, na aghalabu mchana yuko chuoni akisoma Kurani. Wakati wake wa kucheza ni baina ya alasiri na magharibi, muda wa kiasi cha saa mbili na nusu mpaka tatu, nao haubadiliki sana mwaka mzima kwa kuwa visiwa vyetu viko karibu na mstari wa ikweta. Kwa wale wa skuli zenye mikondo miwili, ambao wameangukia mkondo wa mchana, muda huo ni mfupi zaidi. Mtoto mwenye saa moja hawezi kupanda daladala kwenda kucheza na kurudi. Atacheza penye nafasi mlangoni pake, na ikiwa nafasi hiyo ni barabara, basi atacheza barabarani. Ndiyo maana viwanja vya Kariakoo na Tibirinzi, ambavyo hujaa furaha siku nne za sikukuu, haviwezi peke yao kuwa jawabu la siku nyingine zilizobakia za mwaka.

Kutokana na hali hiyo, wapangaji wengi sasa wanaona kuwa viwanja vidogo vingi vina manufaa kuliko kimoja kikubwa kilicho mbali. Hesabu yake si ngumu. Kiwanja cha mpira cha kiwango cha kimataifa chenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 huchukua mita za mraba 7,140. Kiwanja kidogo cha mtaa cha mita 30 kwa 40 huchukua mita za mraba 1,200. Ardhi ya kiwanja kimoja cha mpira, kwa hivyo, hutosha kwa karibu viwanja sita vya mtaa, vyenye pembea, pahala pa kucheza nage na kivuli cha kukalia wazee. Mpira una heshima yake na hapana anayekusudia kuupunguza. Lakini katika kiwanja cha mpira wakati mmoja hucheza watu 22, na takriban kila mara ni wanaume. Wasichana wanaokaa pembeni wakiangalia nao ni wananchi, na uwanja umejengwa kwa fedha zao pia. Kiwanja kitakachowafaa wao kinataka vitu ambavyo mara nyingi husahauliwa katika michoro: taa, choo safi chenye maji, njia ya kuingilia isiyopita katikati ya vijana waliojikusanya, na ukuta mfupi au mstari wa miti unaowapa stara bila ya kuwaficha na macho ya walinzi.

Mfano mmoja mpya unafaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu unaonesha wazi namna mipango inavyoweza kufaulu au kwenda kombo. Nao ni uwanja wa mchezo wa skeitibodi, yaani ubao mfupi wenye magurudumu manne ambao mchezaji husimama juu yake na kujisukuma kwa mguu. Wapo wanaoudhania kuwa ni mchezo wa watoto wa kihuni. Ukweli ni kwamba uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo mwaka 2021, na katika eneo letu la Afrika Mashariki umeshafika zamani. Huko Kitintale, katika mji wa Kampala nchini Uganda, vijana walijenga uwanja wao wa saruji mwaka 2006, na katika mji wa Addis Ababa nchini Ethiopia uwanja kama huo ulifunguliwa mwaka 2016.

Mji wa Philadelphia nchini Marekani ulipata funzo kwa njia ya taabu. Katikati ya mji huo upo uwanja wa wazi ujulikanao kwa jina la LOVE Park, ambao vijana wa skeitibodi waliupenda kwa ngazi na mawe yake laini, wakaufanya kuwa maarufu duniani. Mnamo mwaka 2002 utawala wa mji uliwazuia na kuubadilisha uwanja ili wasiweze kucheza. Edmund Bacon, mpangaji mkongwe wa mji huo ambaye fikra ya uwanja ule ilitoka kwake, wakati huo akiwa na umri wa miaka 92, alipanda ubao mbele ya watu huku akishikiliwa, kupinga marufuku hiyo. Haikusaidia siku ile. Lakini mwaka 2013 mji ulifungua pahala pengine, Paine's Park, palipojengwa makusudi kwa mchezo huo. Yaani baada ya zaidi ya miaka kumi walifikia pale ambapo wangeliweza kuanzia, laiti wangeliwauliza vijana wanahitaji nini kabla ya kuwafukuza.

Sisi tunao mfano wa jirani zaidi. Vijana wanaorukia baharini kutoka ukuta wa Forodhani kila jioni hawakupangiwa na mtu. Wameona ukuta, kina cha maji na watazamaji, wakajifanyia uwanja. Mpangaji makini hutazama kwanza watu wanafanya nini, kisha ndipo akachukua kalamu.

Kwa upande wa ujenzi, uwanja wa skeitibodi hauna mashine wala umeme wa kuuendesha, lakini hauvumilii kazi ya ovyo. Gurudumu lake ni dogo. Likikuta kokoto moja husimama ghafla na mchezaji akaruka mbele. Kwa hivyo zege lisuguliwe mpaka liwe laini, viungo vyake vijazwe, na uwanja usiwe jirani na njia ya mchanga ambao upepo wa kusi utaupeperusha juu yake. Mchanga wa pwani usitumike katika zege lenye nondo, kwani chumvi yake hula chuma kwa ndani na zege likapasuka baada ya miaka michache. Mabomba ya chuma yanayowekwa kwenye kingo yanahitaji ulinzi wa kutu zaidi hapa kuliko katika miji ya bara. Kivuli kiwekwe upande wa magharibi, kwa sababu saa za kuchezea ni za jioni na jua huwa upande huo. Mkungu una kivuli kizuri, lakini majani yake mapana na kungu zake huanguka kwa wingi, na mwarobaini unafaa zaidi penye magurudumu. Mambo haya ni madogo, na yakikosewa uwanja huwa jaa ndani ya misimu miwili ya mvua.

Kuhusu mvua kuna jambo kubwa zaidi. Katika mji huu uwanja mtupu mara nyingi ndipo maji ya masika yanapokimbilia, na Mnazi Mmoja, ambayo zamani ilipakana na ghuba iliyougawa Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla ya kufukiwa, bado huingiliwa na maji ya bahari wakati wa bamvua kubwa. Watu huliona hilo kuwa ni kasoro ya uwanja. Wenzetu wa mji wa Rotterdam, Uholanzi, ambao mji wao uko chini ya usawa wa bahari, wameligeuza kuwa kazi yake. Mwaka 2013 walifungua uwanja wa Benthemplein wenye mabonde matatu ya zege. Siku za ukavu vijana huchezea humo mpira wa kikapu na skeitibodi. Mvua kubwa ikinyesha, mabonde hayo hupokea zaidi ya lita milioni moja na nusu za maji ya mapaa na ya barabara, huyashikilia, na kuyaachia taratibu baada ya mvua kupungua. Kwa maoni ya mwandishi wa ukurasa huu, hakuna fikra inayotufaa zaidi ya hiyo, kwa sharti moja: mitaro inayoingia humo iwe ya maji ya mvua tu. Maji machafu ya vyooni yakichanganyika nayo, uwanja wa watoto utakuwa chanzo cha kipindupindu, na maradhi hayo tunayajua vyema.

Bustani ya Forodhani inatoa funzo la aina nyingine, nalo ni matunzo. Bustani hii ilitengenezwa mwaka 1936, ikachakaa kwa miaka mingi, na ikafunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ambapo ukuta wa bahari ulitengenezwa, taa na njia zikawekwa na wauzaji wa vyakula wakapangiwa pahala pao. Inafaa wananchi wafahamu kwamba gharama ya kujenga ni ya mara moja, bali gharama ya kufagia, kumwagia miti maji, kubadilisha taa na kulinda ni ya kila siku, milele. Mpango wa uwanja ambao hautaji nani atafagia haujakamilika, hata ukiwa na picha nzuri namna gani.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe. Mji wa Zanzibar haujakosa mipango. Upo wa Lanchester wa mwaka 1923, wa mwaka 1958, ule wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki wa mwaka 1968, na ule wa Wachina wa mwaka 1982. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ukuaji wa mji ilifanyika nje ya ramani hizo. Shirika la Makaazi la Umoja wa Mataifa linapendekeza kwamba, mbali na barabara, angalau asilimia 15 ya ardhi ya mji iachwe kuwa maeneo ya wazi ya umma. Katika mtaa ambao bado ni shamba, kutenga sehemu hiyo ni kuchora mstari. Katika mtaa uliokwisha kujaa nyumba, ni kubomoa, kulipa fidia na kuwahamisha watu ambao hawana kosa. Tofauti ya hali hizo mbili mara nyingi ni miaka michache tu.

Mpango wa eneo la Ng'ambo wa mwaka 2016, ujulikanao kwa jina la Ng'ambo Tuitakayo, ulichukua njia ya kuwauliza wakaazi wenyewe ni pahala gani wanapathamini, wanapokutania na wanapochezea, na kupatia katika ramani. Njia hiyo ina taabu na inachukua muda, kwa sababu watu hawakubaliani. Mzee atataka utulivu, kijana atataka taa mpaka saa nne za usiku, na mwenye nyumba ya jirani atahofia kelele. Ni bora wagombane mbele ya ramani kuliko mbele ya zege lililokwisha kukauka.

Kwa mintarafu hiyo, mwananchi anayetaka uwanja katika mtaa wake aanze kwa sheha. Maombi yakipita kwa sheha na kufika katika Baraza la Manispaa yakiwa yametaja eneo hasa, ukubwa wake kwa makisio, nani wanalitumia sasa na saa ngapi, huwa rahisi kushughulikiwa kuliko maombi yanayosema tu kwamba vijana hawana pa kuchezea. Inasaidia sana yakiambatishwa na majina ya kina mama, wazee na watu wenye ulemavu, na si viongozi wa timu pekee. Aidha, kila mpango wa mtaa unapowekwa wazi kwa ajili ya maoni, wananchi waende kuutazama na waulize kwa vidole juu ya karatasi: uwanja uko wapi, na umesajiliwa kwa jina la nani. Uwanja uliotajwa kwa maneno bila ya kupimwa na kuwekewa mipaka huwa hauna wa kuutetea.

Atakayeona msingi unachimbwa juu ya eneo lililotengwa kuwa la wazi atoe taarifa siku hiyo hiyo. Kuta zikishafika kwenye linta, shauri huondoka mikononi mwa sheha na kuwa la mahakama, na kesi ya namna hiyo inaweza kuchukua muda mrefu kuliko utoto wa wale waliokuwa wakicheza hapo.