Mbuzi mzima, damu mgonjwa

Jirani yangu mmoja ni mfugaji wa mbuzi. Ua wa pili, hatua chache kutoka zizini, kuna vijana wanaoyeyusha betri kuukuu za magari ili wapate risasi ya kuuza. Juma lililopita nilimshauri ahamishe mifugo yake. Akacheka. "Mbuzi wangu wanakula, wanaruka, wanazaa. Ugonjwa uko wapi?" Wasikilizaji wangu, swali hilo ndilo mazungumzo yetu ya leo.

Risasi ni madini mazito yaliyomo ndani ya betri. Yakiyeyushwa hutoa moshi na vumbi jembamba mno. Mnyama akivuta pumzi, zile chembe ndogo kabisa hupita puani na kooni, hufika ndani ya mapafu, kisha huingia katika damu. Damu nayo huzisambaza hadi kwenye ini, figo na uboho wa mifupa.

Humo ndimo vimeng'enya hufanya kazi. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha shughuli za kemia mwilini. Kipo kimoja ambacho wataalamu hukiita ALAD. Kazi yake ni kuunganisha vipande viwili vya kemikali, hatua ya awali ya kutengeneza ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Ili kifanye kazi, kimeng'enya hiki huhitaji zinki. Risasi ikifika, huiondoa zinki na kukaa mahali pake, kama mgeni anayemfukuza mwenye nyumba. Kimeng'enya bado kipo, ila hakifanyi kazi. Vipande visivyounganishwa hurundikana na kudhuru neva. Upungufu wa damu huja baadaye.

Neno hilo "baadaye" ndilo jibu la jirani yangu. ALAD hulegea kwa risasi kidogo tu, mapema kabla mnyama hajakonda. Ndiyo maana watafiti hupima kimeng'enya hiki katika damu ya njiwa wa mijini na ng'ombe wanaolishwa karibu na viwanda vya kuyeyushia madini. Kwa macho mnyama ni mzima, kumbe damu imekwisha kuguswa.

Nasi binadamu tunacho kimeng'enya hicho hicho. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006, lakini betri zimebaki. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha ni haki yao, ila hazirudishi akili ya mtoto iliyokwisha kudhurika.

Mbuzi wa jirani bado wapo pale pale. Lakini jana jioni hakucheka tena. Aliniuliza ni hospitali ipi inayopima risasi katika damu ya mtoto.

Tukutane juma lijalo.