Hedhi Inapoanza Kukoma

Akina mama wengi huku Bariadi hufika zahanati wakisema, "Daktari, nina homa. Usiku natoka jasho mpaka nguo zinalowa." Tunapima damu. Malaria hakuna. Basi ni nini?

Mama akifika umri wa miaka 45 hadi 55, mayai ya uzazi hupungua mwilini. Hedhi huanza kubadilika. Mwezi huu hutoka nyingi, kisha miezi miwili haitoki. Joto hupanda ghafla usoni na kifuani, halafu hupoa. Usingizi hupungua. Huu si ugonjwa, wala si kurogwa. Ni umri.

Lakini usimeze dawa ya malaria kwa kukisia. Pima kwanza. Tena, mimba bado yaweza kuingia mpaka hedhi ikose miezi 12 mfululizo.

Baada ya miezi hiyo 12, damu ikitoka tena, hata kidogo, hiyo si hedhi. Yaweza kuwa dalili ya saratani. Usingoje mpaka muuze pamba. Nenda hospitali mapema. Akina baba, wasindikizeni wake zenu.